Mtoto wa Desemba na mtoto wa Januari: mwongozo kamili kwa kocha wa vijana

Jumamosi moja, kwenye mchujo wa timu yetu ya chini ya miaka 13 hapa Makorora, Tanga, alikuja dogo mmoja kavaa raba za dada yake. Mfupi, mwepesi, shingo haitulii: kabla mpira haujamfika alikuwa ameshageuka mara mbili kutazama nani yuko nyuma yake. Akasukumwa bega, akaanguka. Akasukumwa tena, akaanguka tena. Kocha mwenzangu akaninong'oneza, "Mgosi, huyu hana mwili." Nikamwandika kwenye safu ya "aje mwakani". Mwakani hakuja.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa napanga makaratasi yangu nikakuta kazaliwa 27 Desemba. Yule aliyekuwa akimwangusha kazaliwa 9 Januari ya mwaka uleule. Nilikuwa nimempambanisha mtoto na mwenzake anayemzidi miezi kumi na moja na nusu, halafu nikamhukumu kwa kuanguka.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kwa namna nyingine, na hapa naieleza hatua kwa hatua. Ni kwa makocha wa mtaani, walimu wa michezo na wazazi. Vifaa ni daftari kubwa, futi ya chuma ya fundi seremala, penseli na kalamu nene ya kuandikia kwenye fulana. Kikubwa kinachotakiwa ni subira, na hiyo haiuzwi pale Ngamiani.

Hatua ya 1: Jua mstari umechorwa wapi

Mashindano ya vijana ya FIFA yanahesabu umri kuanzia 1 Januari. Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 la 2025 kule Qatar, kwa mfano, liliruhusu waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2008. Maana yake aliyezaliwa 1 Januari 2008 na aliyezaliwa 31 Desemba 2008 wanaitwa rika moja.

Piga hesabu. Mtoto wa miaka 8 ameishi miezi 96. Mwenzake akimzidi miezi 11, amemzidi zaidi ya asilimia 11 ya maisha yake yote. Kabla ya kubalehe mtoto huongezeka sentimita tano hadi sita kwa mwaka, kwa hiyo tofauti hiyo unaiona kwa macho. Tena si mwili peke yake. Ni mwaka mzima zaidi wa kupiga chandimu, wa kuelewa maelekezo, wa kuzoea kupigiwa kelele na watu wazima. Wakifika miaka 25, miezi ileile 11 ni chini ya asilimia 4, na hakuna atakayeiona.

Tatizo ni kwamba sisi hatusubiri miaka 25. Tunachuja wakiwa na 10, 11, 12. Anayeonekana leo anapata kocha, mechi, viatu na sifa za watu wa mtaani. Baada ya miaka mitatu anakuwa bora kweli, kwa sababu amelelewa. Aliyeachwa amerudi kucheza peku mbele ya nyumba yao, na baadaye tunasema, "Unaona? Hakuwa na kitu."

Jambo hili lilianza kuandikwa sana na watafiti wa Kanada miaka ya 1980, kwenye mpira wa magongo wa barafuni, walipoona timu za vijana na za wakubwa zimejaa waliozaliwa Januari, Februari na Machi. Kwenye soka likaonekana hivyohivyo. Uingereza, ambako rika hukatwa 1 Septemba kufuata mwaka wa shule, wenye bahati ni wa Septemba. Ubelgiji ndiyo iliyoondoa ubishi: 1997 ilihamisha tarehe ya kukata rika kutoka Agosti kwenda Januari, na ule wingi wa wachezaji ukahama nayo. Watoto walikuwa walewale na nchi ileile. Kilichosogezwa ni mstari tu.

Nalisema hili kwa sababu huku kwetu pwani mtu akisikia habari za mwezi wa kuzaliwa anakimbilia nyota. Yule wa 27 Desemba na yule wa 9 Januari wote kwa mnajimu ni nyota ya Jadi. Kwa katibu wa ligi, wakiwa wa mwaka mmoja, wako kwenye ncha mbili za rika.

Hatua ya 2: Itafute tarehe ya kweli

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo makocha wengi wanapochoka mapema.

Anza na kadi ya kliniki. Ile kadi ya mtoto ya chanjo na uzito ndiyo ninayoiamini kuliko karatasi nyingine, kwa sababu iliandikwa na nesi wakati ambapo hakuna aliyewaza mpira. Kisha cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Vyote viwili vikiwepo na vikisema tarehe moja, umemaliza. Visipolingana, angalia cheti kilitolewa lini. Cheti kilichokatwa mtoto akiwa na wiki mbili si sawa na kilichokatwa wiki mbili kabla ya mashindano.

Kama hakuna hata kimoja, nenda nyumbani ukaulize. Usiende na fomu mkononi, watu wataogopa. Nenda, kaa, kunywa chai.

Nilikwenda kwa bibi mmoja huko Msambweni kuuliza habari za mjukuu wake, tumwite Hamisi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hamisi kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Nataka kujua kazaliwa lini."

"Mwaka wa 2015. Mfungo sita, usiku wa maulidi. Nakumbuka tulikuwa tunatoka kwenye maulidi, mama yake akashikwa na uchungu njiani."

Ningeandika hapohapo na kuondoka, ningeharibu. Mwaka 2015 ulikuwa na maulidi mawili. Mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko wa kalenda kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo maulidi ya kwanza yaliangukia siku za mwanzo za Januari na ya pili yakaangukia 24 Desemba, mkesha wa Krismasi. Ncha zote mbili za mwaka! Bibi anasema kweli tupu, na bado kuna tofauti ya karibu mwaka mzima ndani ya neno lake.

Nikamuuliza: "Wakati huo Rais alikuwa Kikwete bado, au Magufuli ameshaapishwa?"

Akacheka. "Magufuli. Si ndiyo ule mwezi tuliofagizwa Sikukuu ya Uhuru?"

Basi ni Desemba. Magufuli aliapishwa 5 Novemba 2015, na 9 Desemba mwaka huo sherehe za Uhuru zilifutwa, watu wakatoka na mafagio kufanya usafi. Hamisi akaingia daftarini kama mtoto wa 24 Desemba, na nikaweka alama ya kukumbusha kwamba tarehe hii imepatikana kwa simulizi, si kwa karatasi.

Jitengenezee orodha yako ya matukio ya namna hiyo: Idi zote za miaka ya timu yako, uchaguzi, mvua kubwa ya mtaani kwenu, msiba wa mtu maarufu. Idi el Fitri ya 2012 ilikuwa katikati ya Agosti kuelekea mwisho, ya 2014 mwisho wa Julai, ya 2015 katikati ya Julai. Zinasogea nyuma kila mwaka, na ukizijua unaweza kumweka mtoto ndani ya wiki mbili au tatu. Inatosha.

Hatua ya 3: Igawe orodha yako robo nne

Chukua majina yote ya timu, uyaweke kwenye mafungu manne: Januari hadi Machi, Aprili hadi Juni, Julai hadi Septemba, Oktoba hadi Desemba. Tuseme una watoto 24. Kama mchujo wako hauegemei upande, kila fungu lingekuwa na kama sita. Ukikuta fungu la kwanza lina 11 na la mwisho lina wawili, una la kujiuliza.

Usikimbilie hukumu kwa timu moja, lakini. Watoto 24 ni wachache, na bahati tu inaweza kukupa sita, saba, tatu, nane. Unganisha orodha za miaka mitatu au minne, au kaa na makocha wenzako wa Chumbageni na Mikanjuni mchanganye daftari. Ukiona mteremko uleule kila mahali, hiyo si bahati tena.

Hatua ya 4: Pima urefu, usikisie

Tarehe ya kuzaliwa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mwili unakua kwa saa gani. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja, wakiwa na miaka 13, mmoja anaweza kuwa ameshavunja sauti na mwingine bado sauti ya kengele. Mifupa yao inaweza kupishana miaka minne au zaidi. Kwa hiyo yupo mtoto wa Desemba aliyewahi kukua, anayewapiga vikumbo wa Januari. Ukimhurumia kwa sababu ya kalenda tu, umekosea upande wa pili.

Kupima ni rahisi ukifanya kwa utaratibu. Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu iliyo sawa. Mtoto avue viatu, visigino viguse ukuta, atazame mbele, si juu. Weka kipande cha ubao kichwani kikiwa sambamba na sakafu, piga mstari wa penseli, mwondoe mtoto, ndipo upime kwa futi. Pima mara mbili. Pima asubuhi kila safari, kwa sababu mtu hupungua kidogo kufika jioni, na hiyo sentimita moja inaweza kukuvurugia hesabu. Fanya hadharani, pawe na mtu mzima mwingine. Na usiulize maswali ya kubalehe wala usimkague mtoto. Futi inakwambia kila unachohitaji.

Rudia kila baada ya miezi mitatu. Halafu hesabu mwendo. Kijana alikuwa 146.0 mwezi Machi, mwezi Juni ana 148.5. Ameongeza 2.5 kwa miezi mitatu, ambayo ni sawa na 10 kwa mwaka. Huyo yuko kwenye mshindo wenyewe wa kurefuka. Mwenzake aliyeongeza 1.3 kwa muda huohuo bado anakwenda mwendo wa utoto. Kwa wavulana kilele cha kurefuka huwa karibu na miaka 14 kwa wastani, kwa wasichana karibu na 12, lakini wastani huo una watu wengi kabla na wengi baada.

Ukitaka kukisia atafika wapi, chukua urefu wa baba na wa mama kwa sentimita. Kwa mvulana, jumlisha, ongeza 13, gawa kwa mbili. Kwa msichana, jumlisha, toa 13, gawa kwa mbili. Baba 172 na mama 160 wanakupa mvulana wa 172.5. Jibu hilo linaweza kukosea kwa sentimita nane na ushei kila upande, kwa hiyo liandike kwa penseli. Faida yake ni moja: ukigawa urefu wake wa leo kwa urefu huo wa makadirio, unaona amefika asilimia ngapi. Aliye na asilimia 84 na aliye na asilimia 93 hawapo safari moja, hata kama wanakaa dawati moja.

Jambo la kuangalia hapa: kijana akiwa kwenye kurefuka kwa kasi, miguu inamshinda. Aliyekuwa anapiga danadana hamsini anapiga kumi na mbili. Anapoteza mpira, anajikwaa, analalamika kisigino au chini ya goti. Kocha asiyejua anasema dogo ameanza uvivu, au ameanza wasichana. Mpunguzie kuruka na mbio za kasi kwa wiki kadhaa, mwongezee kazi za mguso na kusimama kwa mguu mmoja. Akichechemea siku kadhaa mfululizo, hospitali, si kukandwa na mtu wa mtaani.

Hatua ya 5: Panga mchujo upya

Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio dogo la maana sana. Waliwaonyesha wasaka vipaji mechi ya vijana wakawaomba wawapange kwa uwezo. Wasipojua umri, waliwapendelea wakubwa. Walipopewa karatasi yenye tarehe za kuzaliwa, hawakubadilika; walizisoma na wakaendelea kupendelea wakubwa. Lakini namba za fulana zilipopangwa kufuata umri, na wao wakaambiwa hivyo, upendeleo ukaondoka. Tarehe ikikaa mfukoni haikusaidii. Lazima iwe mgongoni kwa mtoto wakati anacheza.

Huku kwetu inagharimu kalamu moja. Andika namba kwenye bips au kwenye karatasi iliyobandikwa kwa plasta: 1 ni mkubwa kuliko wote, 24 ni mdogo kuliko wote. Waambie makocha wanaokusaidia kabla ya filimbi. Utashangaa jicho linavyobadilika. Ukiona namba 23 amepokonywa mpira na namba 2, hupati tena ile hasira ya "hana mwili". Ukiona namba 2 amepokonywa na namba 23, unaandika jina.

Uwanja nao uupunguze. Uwanja mzima wa kumi na moja kwa kumi na moja ni uwanja wa mbio na mashuti marefu, na hiyo ni zawadi kwa wakubwa. Cheza wanne kwa wanne, goli mbili ndogo, dakika nane, badilisha. Andika vitu ambavyo havitegemei kimo: anaangalia kabla ya kupokea? Mguso wa kwanza unampeleka wapi? Akipoteza mpira anafanya nini katika sekunde tatu zinazofuata? Na usichuje kwa siku moja. Mimi sasa nafanya Jumamosi tatu, na daftari langu linaonyesha kwamba majina ya Jumamosi ya kwanza na ya tatu hayafanani.

Hatua ya 6: Mara moja kwa mwezi, wapange kwa miili

Uingereza, baadhi ya klabu za Ligi Kuu ziliwahi kukutanisha vijana wa miaka 11 hadi 14 waliokuwa wamefikia kati ya asilimia 85 na 90 ya urefu wao wa utu uzima, bila kujali nani kazaliwa lini. Waliowahi kukua walikiri kwamba ilibidi wafikirie, kwa sababu nguvu haikuwasaidia tena. Waliochelewa walipata nafasi ya kuongoza na kuonyesha walichonacho.

Fanya hivyo kwa zile asilimia ulizopata hatua ya nne. Changanya timu yako ya chini ya 13 na ya chini ya 15 kwa siku moja, uwapange kwa miili. Mara moja kwa mwezi inatosha. Siku nyingine wacheze na rika lao, kwa sababu mdogo anayejifunza kuishi katikati ya wakubwa anapata akili ambayo mkubwa haipati.

Hatua ya 7: Mlee mdogo, mwonye mkubwa

Mtoto wa Novemba usimfiche. Kuna tabia ya kumweka mdogo winga "asiumie", halafu mpira haumfikii dakika kumi. Mpe kiungo angalau nusu ya mechi za kirafiki. Weka hesabu ya dakika kwenye daftari. Usipoandika utaamini umempa nyingi kuliko ulizompa.

Wa Januari ndiye ninayemwonea huruma siku hizi, na watu hawanielewi nikisema hivyo. Straika wa miaka 12 anayefunga mabao matano kila wiki kwa kupigiwa mpira mrefu na kukimbia, watu wanamwita jina la mchezaji wa Ulaya, baba yake ameshaanza kuota nyumba. Akifika 16 wenzake wamemfikia kwa kimo na kasi, naye hajawahi kulazimika kujifunza kupokea mpira mgongo ukiwa golini. Mpandishe akacheze na rika la juu mara kwa mara. Mkataze kufunga kwa mbio wiki nzima: kila bao lazima lianze na pasi. Atanuna. Mwache anune.

Wazazi wanahitaji maneno ya wazi. Baba wa mtoto mdogo akija na kusema, "Mwalimu, huyu nimtoe tu, arudi madrasa na twisheni, mpira haumfai," mimi namfungulia daftari: "Tazama, baba Salehe. Huyu ana asilimia 83, hawa wanaocheza naye wana 90. Mguso wake wa kwanza ni wa pili kwa ubora kwenye timu nzima. Niachie hadi akifika 16. Na madrasa aende, ratiba nitaipanga." Baba akiona namba anatulia. Maneno matupu ya "ana kipaji" ameyasikia kwa kila mtu.

Kwa timu za wasichana hesabu ni zilezile, ila athari ya mwezi wa kuzaliwa kwa jumla huonekana ndogo zaidi, na kurefuka kunawahi. Anza kupima wakiwa na miaka 9 au 10.

Hatua ya 8: Usisogeze tarehe

Sasa tuseme lile ambalo kila mtu analijua. Ukishaelewa mstari wa 1 Januari, unaelewa pia kishawishi. Mtoto wa 27 Desemba 2012 ukimsogeza siku saba tu, akawa wa 3 Januari 2013, ametoka kuwa mdogo kuliko wote wa rika moja na kuwa mkubwa kuliko wote wa rika linalofuata. Siku saba, mwaka mzima wa faida. Na akishasogezwa siku saba, kumsogeza miaka miwili hakuonekani tena dhambi kubwa. Ndipo vijeba, yaani wakubwa wanaojifanya watoto, wanapozaliwa.

Uchambuzi wa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, kuanzia 1997 hadi 2007, uliona karibu asilimia 40 ya wachezaji wamezaliwa Januari hadi Machi na asilimia 16 tu Oktoba hadi Desemba. Kwa timu za Afrika picha ikapinduka, wa mwisho wa mwaka wakawa wengi. Wako watakaosema Afrika hatuwaonei watoto wa Desemba. Mimi nimekaa na makaratasi ya watoto miaka mingi, na naona ni salama zaidi kusema kwamba karatasi zetu hazisomeki kirahisi hivyo.

Tangu 2009 FIFA inatumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Sehemu ya mfupa inayokua ikishafunga kabisa, uwezekano wa kijana kuwa chini ya 17 ni mdogo mno. Lakini sababu yangu ya kukataa si kipimo. Kijeba mmoja kwenye timu ya chini ya 13 anakaa kwenye nafasi ya mtoto, na anayekaliwa nafasi huwa ni yule mdogo wa Desemba. Isitoshe daftari lako lote linageuka uongo: asilimia, namba za fulana, dakika, vyote.

Kuna mtu aliwahi kuniletea kijana na cheti kipya kabisa, wino haujakauka. Nilimuuliza kijana alimaliza darasa la saba mwaka gani. Akamtazama mjomba wake kabla ya kujibu.

Hatua ya 9: Kati ya miaka 15 na 20, usifunge mlango

Wa mwisho wa mwaka wanaopenya hadi akademi ni wachache, lakini waliopenya mara nyingi wanafika juu kwa kiwango kizuri kuliko wenzao wa mwanzo wa mwaka. Inaeleweka: aliyekaa miaka mitano akicheza na waliomzidi, akabaki, amejifunza kufikiri haraka, na mwili unapomfikia anakuwa na vyote viwili. Utafiti mmoja wa 2007 uliangalia mishahara ya wachezaji wa Ujerumani ukaona waliozaliwa mwisho wa rika lao walilipwa zaidi.

Mbwana Samatta kazaliwa 23 Desemba 1992. Alikwenda TP Mazembe 2011, akatwaa ubingwa wa Afrika 2015, akaenda Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa. Simon Msuva kazaliwa 2 Oktoba 1993. Himid Mao, 5 Novemba 1992. Siwataji kama ushahidi. Watu watatu si ushahidi wa chochote, na walioachwa njiani hatuna majina yao. Nawataja kwa sababu baba Salehe anawajua.

Ubelgiji na Denmark zimekuwa na timu za pembeni za taifa kwa ajili ya vijana waliochelewa kukua, ili wasipotee wakati wenzao wanaitwa timu kubwa. Sisi hatuhitaji shirikisho ili kufanya hivyo mtaani. Weka orodha ya pili. Kila unayemwacha kwenye mchujo, mwandike jina, tarehe, urefu, urefu wa wazazi, simu ya nyumbani na kitu kimoja alichokifanya vizuri. Mwite kwenye mazoezi ya wazi mara mbili kwa mwaka. Mpime tena. Akiwa na miaka 16 mwite rasmi, hata kama alikuwa ameacha. Wengi utawakuta wanacheza ndondo na bado miguu ipo.

Kipindi hicho ndicho mlango wa juu unapofunguka: timu za vijana chini ya miaka 20 za klabu, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), na kwa sisi wa Tanga kuna Coastal Union na African Sports mjini hapahapa. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga 2020 akiwa mtu mzima aliyekomaa. Kijana wa miaka 17 asiyechaguliwa leo hajachelewa kitu.

Yule dogo wa raba za dada yake hakuwa kwenye orodha ya pili, kwa sababu wakati ule orodha ya pili haikuwepo. Nilimtafuta. Familia ilihamia upande wa Pangani, na majirani hawana namba ya simu. Kwenye daftari la sasa nina majina kumi na tisa ya walioachwa ambao mwaka huu wanafikisha miaka 16. Nawapigia simu wiki hii jioni, baada ya Isha, wazazi wakiwa nyumbani, na naanza na wale wa Novemba na Desemba.